Stoo ya Habo Ebla

Sahara alinipigia simu Ijumaa alasiri, nami nimekaa barazani nachambua mchele. Hakunizungusha. "Maalim, mama ametutoka asubuhi," alisema. "Tumemzika baada ya swala." Nilimuuliza kama aliteseka. Akasema hapana, alikunywa chai yake, akalalamika kwamba maziwa hayakutosha, akageukia ukutani, akalala. Nilicheka huku machozi yananidondokea kwenye ungo, maana niliisikia sauti ya marehemu wazi kabisa ikimkaripia mtu kwa ajili ya chai. Mchele ule sikuuchambua tena siku ile. Nimefundisha shule tisa, nimekaa kwa wenye nyumba wa kila aina, wengine wakinipimia hata maji ya kuoga. Lakini nikiulizwa ni nani aliyenifundisha kuishi na watu, simtaji mwalimu wangu yeyote. Namtaja mama yake Sahara, mjane mmoja wa Garissa, asiyejua kuandika jina lake, niliyekaa kwake mwaka mmoja wa vita.

Mambo ya ukoo wangu nitayaacha yalale. Inatosha kujua kwamba nilitoka Malindi nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha ualimu mkononi na kiburi kifuani, nikapangiwa shule ya msingi huko mwaka 1966, wakati vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga, vimeingia mwaka wake wa tatu. Nyumbani walinililia kana kwamba wananizika. Niliingia mjini juu ya lori la unga, katika msafara uliosindikizwa na askari, vumbi limenigeuza bibi kizee. Mwalimu mkuu alinitazama kwa huruma akasema nyumba za walimu zimejaa wanaume watupu, ila kuna mama mmoja muuza samli, Ebla, ana chumba. Mtaa mzima ulimwita Habo, yaani mama mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, na macho yasiyo na haraka. Alinikagua kuanzia viatu hadi ushungi, kisha akauliza swali moja tu. "Wewe nakula nyama ya ngamia?" Nikasema sijawahi. "Basi utakula," akasema, akanifungulia mlango.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo na dirisha dogo lililotazama uani, mahali ambapo wanawake wa mtaa walikaa kunywa chai, kwa hiyo habari za mji mzima zilinifikia bila kutoka kitandani. Ukuta wa pili ulipakana na stoo. Hiyo stoo ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa chumba kikubwa kuliko vyote nyumbani, na Habo na binti yake Sahara walibanana katika kijumba ambacho mlango wake ulifunguka nusu kwa sababu ya kitanda. Nilidhani ni ushamba. Kwetu chumba kikubwa ni cha wageni, na chakula hukaa penye nafasi. Kwa Habo chakula ndicho kilichokuwa mgeni wa heshima. Stoo haikuwa na dirisha. Ndani mlikuwa na madebe ya mahindi na mtama, makanda ya tende, buni za kahawa, sukari, chumvi, majani ya chai yaliyofungwa ndani ya ngozi. Kando, juu ya chaga ya miti ambayo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya majivu ili sisimizi wasipande, zilipangwa haan: vyombo vya Wasomali vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikakazwa hata visivuje, kila kimoja na kifuniko chake. Humo ndimo ilimokaa samli, na humo ndimo ilimokaa nyirinyiri.

Mtu asiyeijua nyirinyiri amepunjwa. Ni nyama iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa hadi ikakauka, ikakatwa tena vidogo vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa kwa samli na iliki mpaka haina hata tone la maji ndani yake, kisha ikazamishwa kwenye samli hiyo hiyo na kufungiwa. Hukaa miezi, wengine husema mwaka. Mara ya kwanza kumsaidia Habo kuikaanga nilisimama na kijiko nikingoja aniambie dakika ngapi. Hakuwa na saa. Alikaa kwenye kigoda, amefumba macho, anasikiliza sufuria. Mafuta yalikuwa yakilia, chwaa, yakipungua kidogo kidogo. Nilipofungua mdomo alininyamazisha kwa kidole. Tulikaa hivyo hata jasho likanilowesha, mpaka kelele ikaisha kabisa. "Sasa," akasema. "Ikibiga kelele, maji iko. Ikinyamasa, maji imekwenda." Nilikuwa nimesoma sayansi chuoni miaka miwili na hakuna aliyenieleza kitu vizuri namna hiyo. Kiswahili chake watu wa kwetu wangekicheka. Hakuwa na P, wala V, wala Z, na ngeli alizifagia zote nje ya mlango. Mimi mwenyewe nilikicheka wiki ya kwanza, mpaka nilipojaribu kumsalimia kwa Kisomali akalazimika kuketi kwa kicheko.

Haikunichukua muda kujua kwa nini anajaza stoo kwa bidii ile. Sahara alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba changa. Mumewe, Adan, aliendesha lori kati ya Wajir na Diff, na tangu hali ichafuke alikuwa akikaa huko miezi bila kuonekana. Mwaka uliotangulia Sahara alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Barabara ikafungwa, soko likakauka, wafugaji hawakuruhusiwa kuingiza mifugo, na mzazi akalishwa uji mtupu wa mahindi. Maziwa yake yakakatika. Mtoto aliondoka siku ya ishirini. Habo alinisimulia habari hii mara moja tu, tukiwa tunachambua tende, bila kuinua macho. Msomali mwenye uwezo humlisha mzazi siku arobaini kwa nyama, samli na maziwa, naye mzazi hatoki ndani wala hashiki kazi. "Arubaini siku mimi nilitaka," alisema. "Nilibata ishirini. Sasa hii mara, hata barabara ifungwe mbaka kiama, Sahara atakula." Haan kubwa kuliko zote, iliyofungwa kwa kamba nyekundu, ilikuwa ya kazi hiyo. Hakuna aliyeigusa bila amri yake.

Kuweka chakula siku zile hakukuwa jambo dogo. Askari walikuwa wakikagua nyumba, na mwenye magunia mengi aliulizwa anamlisha nani. Walikuja kwetu pia, wawili, asubuhi moja sijatoka kwenda shule. Habo aliwafungulia stoo mwenyewe, akasimama kando. Mmoja akauliza vyakula vyote vile ni vya nani. Habo akamwita Sahara, akamsimamisha mbele yao, akamwekea mkono tumboni. "Ya huyu," akasema. Yule askari mkubwa alitazama chini, akasema mama afunge mlango. Kisha wakanywa chai, na Habo akawaongezea sukari. Hata ndani ya mtaa kulikuwa na minong'ono. Siku moja nilisikia kwa dirisha langu mzee mmoja jirani akimwambia kwamba sheikh ametoa mawaidha msikitini, kuhodhi chakula ni haramu. Habo alimjibu kwa Kisomali, lugha aliyoisema kama mtu anayekata nyama kwa kisu kizuri. Kufikia hapo nilikuwa naelewa kiasi. Alimwambia haramu ni kuficha ili bei ipande. "Umewahi kuniona nikiuza nyirinyiri?" Mzee akakohoa. Habo akamwambia amsubiri, akaingia ndani, akamletea bakuli.

Mimi pia nilikuwa na dukuduku langu. Mara kwa mara, Alhamisi, Habo alitoka na haan imejaa akarudi mikono mitupu. Nikasema moyoni, ala, kumbe anauza kwa siri. Sikumuuliza, na nilijiona nina adabu kwa kutomuuliza. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa na kitu cha kumsema moyoni, maana kukaa na mtu asiye na kosa kunachosha.

Sasa nifike penye kosa langu, ambalo hata leo nikilisimulia masikio yananichemka. Habo alikwenda kuhani msiba upande wa pili wa mji. Sahara alikuwa na miezi minane, na tamaa ya mimba ikamshika; alitaka nyirinyiri, kidogo tu, kwenye ncha ya kijiko. Haan ndogo zilikuwa zimeisha. Nikamhurumia. Nikafungua ile ya kamba nyekundu. Upawa ulining'inia ukutani, nao ulikuwa na vumbi la moshi. Mimi ni mtoto wa pwani. Kwetu chombo kisichopita kwenye maji si safi, na mama yangu angenitoboa macho kama ningemlisha mjamzito kwa upawa wenye masizi. Nikaenda kwenye mtungi, nikausuuza mara mbili, nikaukung'uta, nikauzamisha. Nilifurahia usafi wangu. Nilifunga kamba kama nilivyoikuta, na Sahara akala akanibariki. Haikunijia kabisa kwamba miezi yote ile sikuwahi kumwona Habo akiosha haan kwa maji. Alikuwa akitia ndani yake kijinga cha mti wenye harufu nzuri, akafunika, akaacha moshi ufanye kazi, kisha akapangusa. Katika nchi ambayo maji huletwa na punda, watu walijifunza zamani kwamba moto ndio unaosafisha. Nilikuwa nimeyaona haya kwa macho yangu nikayaweka katika fungu la mila.

Baada ya wiki mbili hivi niliingia stoo kuchukua mtama nikasikia harufu. Ilikuwa ndogo, kama ya kitambaa kilicholala majini. Nilinusa madebe, nikanusa makanda, nikijua tangu mwanzo ni wapi nitakapofika. Nilipofungua ile kamba nyekundu nilikuta samli imepasuka juu, na ndani ya ufa kumeota utando wa kijani. Nikafunga. Nikatoka. Sikusema. Siku ile sikusema, wala ya pili, wala ya tatu. Wahenga wanasema akiba haiozi, nami nilikuwa nimeiozesha. Niliwafundisha watoto kujumlisha nikiwa na homa ya aibu. Na siku hizo hizo ndipo mvua za vuli zilipoanza kumwagika, ikasemekana kuna mabomu yamezikwa barabarani, na msafara wa malori ukasimamishwa. Bucha ikafunga milango. Sukari ikawa jambo la kuhadithiana. Jioni wanawake walikaa uani, nami nikiwa nimelala chali nawasikiliza. Mmoja alisema anamhurumia kila mwenye mzazi mwaka huu. Nikamsikia Habo akisema kwa Kisomali, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake, "Sahara wangu hana shida. Haan kubwa ipo." Niliziba uso kwa mto.

Sahara alijifungua asubuhi ya siku ya nne, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye kelele. Nyumba ilijaa wanawake na moshi wa udi. Habo alitoka chumbani amekunja mikono ya gauni, uso wake umelegea kwa furaha, akaelekea stoo na bakuli. Nikakimbia nikasimama mlangoni. Sijui nilisemaje. Nadhani nilianza na upawa, nikarudi kwenye tamaa ya Sahara, nikaenda kwenye masizi. Alinisogeza kwa mkono mmoja, akaingia. Nilimsikia akifungua kifuniko. Alitoka amebeba haan kifuani, akaipeleka nyuma ya uwanja, akaimwaga yote shimoni, akafukia kwa mguu. Kisha akaja kukaa kwenye kigoda chake.

"Kijiko uliosha?"

"Niliosha, Habo."

"Na maji?"

"Na maji."

Alinitazama. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona amekasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika tena. "Mtoto yule wa kwansa alibokufa, mimi nilikufa na yeye," alisema. "Wewe unataka nikufe mara ya bili?" Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo kwa mzazi mpya ni nuksi, nikasogea kujificha stoo. Akaninyooshea kidole. "Toka huko. Ukitaka kulia, lia nje. Hata machosi ni maji." Sahara anasema alimsikia mama yake akitamka maneno hayo na akacheka mpaka kitovu kikamuuma. Mimi sikuona cha kucheka.

Halafu Habo akanyanyuka, akavaa shuka yake ya kutokea, akaniambia nivae viatu. Njiani ndipo aliponieleza mambo ya Alhamisi. Hakuwa akiuza. Alikuwa akiziweka haan kwa watu. Mfugaji wa kwao, alisema, hafugi ngamia wote mahali pamoja. Huyu humpa rafiki amkamue, yule humpeleka kwa shemeji upande wa Ijara, ili ukame ukipiga hapa, au ugonjwa, au wezi, kule kubaki kitu. Anayepewa anakunywa maziwa, na mnyama anabaki wa mwenyewe. Yeye hakuwa na ngamia tena. Alikuwa na haan. Basi alizigawa kama ngamia, kwa wanawake watatu, kila mmoja akiambiwa neno lile lile: hii ni yangu, iko kwako, ukiona njaa, kula. Nilimuuliza, na kama wote wamekula? "Basi wamekula watu," akajibu, akaongeza mwendo.

Mwanamke wa kwanza alikuwa amekula. Alitoka na haan tupu, imefukizwa inanukia, akairudisha kwa mikono miwili akitaka kueleza habari ya watoto wake, na Habo akamkatiza kwa kumuuliza hali ya mguu wake. Wa pili pia alikuwa amekula, naye aliona haya hata hakutoka nje, alizungumzia ndani. Habo alimwombea dua akiwa mlangoni. Nilikuwa nikimtazama kwa pembeni, nikitafuta hata chembe ya kinyongo, kwa sababu mimi ningekuwa nacho cha kujaza kapu. Sikuiona. Nilichoona ni mwanamke anayefikiri. Akabaki wa tatu, Kaltuma. Huyu alikuwa mfugaji, na siku zile wafugaji walikuwa wamekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa waya nje ya mji, wakitoka na kuingia kwa ruhusa. Tulifika langoni jua limechoma. Askari wa zamu, kwa bahati yangu, alikuwa mtu wa pwani, na aliposikia Kiswahili changu akaniuliza wa wapi. Nikamweleza kuna mzazi ana siku moja. Akatazama huku na huku akasema turudi kabla ya alasiri. Ndiyo faida pekee niliyomletea Habo mwaka ule.

Kibanda cha Kaltuma kilifunikwa kwa mikeka na magunia. Mbuzi wake hawakuwapo tena. Aliniambia idadi yao ya zamani kwa vidole, kisha akakunja vidole vyote. Watoto wanne walikuwa wakila mahindi ya kuchemsha yasiyo na chumvi, wamekonda, kimya, kimya ambacho mwalimu hapendi kukiona kwa watoto. Habo hakuomba. Alisalimia, akakaa, akaulizia kila mtu kwa jina. Kaltuma ndiye aliyenyanyuka. Aliinua ngozi ya kulalia, akafukua majani makavu, akatoa haan, akaiweka magotini pa Habo. Kamba yake ilikuwa na fundo la Habo, lile lile, halijaguswa. Watoto wakaacha kutafuna. Walizungumza Kisomali, nami nilielewa kila neno, kwa kuwa hayakuwa mengi.

"Nilikuambia ukiona njaa ule," Habo alisema.

"Niliiona."

"Mbona hukula?"

"Sahara alikuwa na mimba," Kaltuma akasema. "Nilikaa nikisema, kesho. Kila siku nilisema, kesho."

Sijui kama niliwahi kuwa mtu mdogo kuliko nilivyokuwa kwenye mkeka ule. Mimi niliyeshiba nilikuwa nimefungua kamba kwa sababu ya tamaa ya siku moja, tena si tamaa yangu, na huyu alilala juu ya nyama miezi na watoto wake wanalia. Habo aliinamisha kichwa kwa muda. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, na ndiyo mara pekee niliyoyaona hivyo. Akafungua fundo, akafunua, akanusa. Akaniita ninuse. Ilinukia iliki na moshi, nzuri, kamili. Alipangusa mkono kwa shuka yake kavu, akachota, akawalisha wale watoto mmoja mmoja kwa vidole vyake, kisha Kaltuma, ambaye alikataa, kisha akakubali. Nusu akaihamishia kwenye kibuyu cha Kaltuma. Nusu akanipa mimi nibebe. Njia nzima nilitembea kama niliyebeba kitoto kichanga, nikiogopa hata jasho la mikono yangu.

Nusu haan si arobaini. Sote tulilijua hilo. Habo alimpimia Sahara kijiko kwa kijiko, juu ya uji, na tende tatu, na mimi na yeye tukala mahindi na chumvi tukisema tumeshiba. Mzee jirani yule wa mawaidha alileta kikombe cha maziwa ya mbuzi kila asubuhi, sijui aliyapata wapi, akakiweka mlangoni bila kubisha. Maziwa ya Sahara yalishuka siku ya tatu. Nakumbuka alivyoniita nione, gauni limelowa kifuani, anacheka kama aliyeokota dhahabu. Lakini Habo hakucheka. Alihesabu. Siku ya kumi na nane alikosa hamu ya chakula. Siku ya kumi na tisa hakuzungumza. Siku ya ishirini alikaa mlangoni pa chumba cha mzazi tangu asubuhi na tasbihi mkononi, na kila mtoto alipolia aliinua uso, na kila aliponyamaza aliinua uso zaidi. Nilikwenda shule, nikarudi, nikamkuta pale pale. Siku ya ishirini na moja asubuhi niliamshwa na harufu ya buni zikikaangwa kwa samli. Habo alikuwa jikoni, amemfunga mjukuu mgongoni, anaimba kwa sauti mbaya sana. "Maalim Suhura," aliniita, "njoo kula. Leo ni siku mbya." Alimaanisha mpya. Tulikaanga zile buni zilizobaki zote, tukala, tukapaka mafuta yake mikononi na kichwani kama wafanyavyo wao kwenye heri. Barabara ilifunguliwa wiki mbili baadaye, na mtoto akatimiza arobaini yake akiwa na mashavu.

Nyama ya kwanza iliyoingia mjini Habo aliinunua. Nilimsaidia kuikata, kuianika, kuisikiliza. Haan ya kwanza kujaa haikuingia stoo. Aliipeleka kwa Kaltuma, na safari hii, aliniambia, alimwapisha kwamba ataila. Mimi nilipata barua ya uhamisho mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nirudi pwani. Asubuhi ya safari malori yalikuwa yamejipanga, askari wanapanda, na Habo akaja na kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Niliposhika nikajua uzito wake. Nikaanza kushukuru kwa zawadi. "Si sawadi," akasema. "Ni yangu. Nimeweka kwako. Malindi hakuna fita. Ukiona njaa, kula. Nikiona njaa mimi, nitakuja." Watu wote aliokuwa nao, na akiba ananipa mimi. Nikamwambia, Habo, mimi si ndiye niliyekuharibia? Je, nikiharibu tena?

"Ukiharibu," akasema, "jasa ingine."

Hakuja. Hakuona njaa kiasi cha kuja, alhamdulillahi, au aliiona akakaa kimya. Lakini tangu mwaka ule, kila Shaaban inapoingia, nafukiza haan ile, nakata nyama, nakaa kwenye kigoda nafumba macho mpaka mafuta yanyamaze. Iliyokwisha kukaa mwaka nawapa majirani, naijaza mpya, nafunga fundo lake. Wiki iliyopita, baada ya simu ya Sahara, Shaaban iliingia. Nimeijaza.